Nyota Changa Juu ya Keroka

Juma lililopita safu hii haikutokea, na wale walioniulizia nawashukuru. Nilikuwa bara, nimekwenda kumtazama binti yangu aliyeolewa Gusii, katika vilima vya mpakani mwa Kisii na Nyamira, karibu na mji wa Keroka. Nilikuwa nimekusudia kurudi na habari za mapishi ya wimbi na mboga za huko. Habari hizo zitangoja. Leo nitaandika juu ya nyota, kwa sababu mjukuu wangu aliniuliza swali nami nikamjibu vibaya, na jibu baya la mtu mzima halifai kuachwa likae.

Mjukuu huyu ni msichana wa miaka kumi na mitano. Mwakani anaingia darasa la kumi, na watoto wa siku hizi kabla ya kufika huko huchagua njia moja kati ya tatu: sayansi, elimu ya jamii, au sanaa na michezo. Yeye amechagua sayansi, na ndani ya sayansi roho yake iko kwenye fizikia. Baba yake anasitasita. Mkwe wangu ni mtu mwema, wala si mtu wa kumzuia binti kusoma. Ila asema kwamba msichana akisomea ualimu au uuguzi atapata kazi karibu na kwao, je, hii fizikia itampeleka wapi? Nikaombwa nami nitie neno.

Sikuwa nimelitia bado. Tulikuwa jikoni tukiosha vyombo vya mchana, mtoto akaniuliza, "Nyanya, hivi nyota zote zilikwisha kuumbwa, au nyingine zinaumbwa mpaka leo?" Nikamjibu upesi, bila hata kuinua macho, "Zilikwisha, mjukuu wangu. Mwenyezi Mungu alizipamba mbingu mara moja, kazi ikesha." Akanyamaza. Kilikuwa kile kimya cha mtoto mwenye adabu anayejua kwamba mkubwa wake amekosea. Wazazi wenzangu mnakijua.

Alasiri ile ilinyesha mvua ya mawe. Huko Gusii mawingu hujengeka karibu kila alasiri. Upepo wa Ziwa Viktoria hupanda vilima, hukutana na upepo unaotoka mashariki, na hewa yenye unyevu husukumwa juu. Huko juu hupoa, na mvuke ukishapoa hukusanyika ukawa matone. Ukipoa sana huwa mawe. Mama wa mkwe wangu, ambaye ana shamba la chai, alisimama mlangoni akiyatazama mawe yakichana yale majani mawili na kichipukizi ambayo angeyachuma kesho yake. Hakusema neno. Chai iliyopigwa namna ile hukaa majuma kabla ya kuchipua tena, na karo za Januari haziwezi kungoja.

Naomba mlikumbuke wingu lile, kwani nitalirudia.

Stima ilikatika kwa mvua, na jua lilipozama mbingu ikawa imeoshwa. Huko Kisii Maghribi huingia baadaye kuliko Mombasa, karibu robo saa au zaidi kidogo, kwa kuwa ni magharibi zaidi. Mgeni kutoka pwani anayefungulia kwa saa ya kwao atafungua mapema. Tulipomaliza kuswali Isha mjukuu akaniomba nitoke naye uani. Mwezi haukuwapo. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na vilima vya Keroka viko juu zaidi, hivyo hewa yake ni nyembamba na haina ule ukungu wa chumvi tuliouzoea. Tena mahali pale hapafiki hata nyuzi moja kusini mwa Ikweta, kwa hiyo nyota za kaskazini na za kusini huonekana zote. Sijapata kuona nyota nyingi kiasi kile tangu utotoni, kabla ya taa za barabarani kufika mtaani kwetu.

Akanielekeza kaskazini, nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi. "Usilikazie macho, Nyanya. Litazame kwa pembeni." Nikaona doa hafifu, kama mtu aliyepulizia pumzi kwenye kioo. Likiangaliwa moja kwa moja hupotea. Ukilipa shavu hurudi.

Doa lile lina historia inayotuhusu. Mtu wa kwanza ambaye maandishi yake kulihusu yamesalia ni Abdulrahman al-Sufi, Mwajemi aliyekuwa Isfahan, ambaye mwaka 964 aliandika kitabu cha nyota na kulitaja kuwa wingu dogo. Kwa karibu miaka elfu hakuna aliyejua wingu lile ni kitu gani. Mwaka 1912 bibi mmoja wa Marekani, Henrietta Leavitt, alithibitisha kwamba kuna nyota ambazo mwanga wake huongezeka na kupungua kwa kipimo, na kwamba kutokana na kipimo hicho waweza kujua umbali wake. Mwaka 1923 Edwin Hubble akaipata nyota ya namna hiyo ndani ya lile wingu la al-Sufi, akapiga hesabu kwa kanuni ya Leavitt, ikadhihirika kwamba wingu lenyewe liko nje kabisa ya kundi letu la nyota. Leo tunajua umbali wake ni miakanuru milioni 2.5. Mwakanuru ni mwendo ambao nuru huenda kwa mwaka mzima, nayo huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Basi wingu lile si wingu. Ni galaksi, yaani mji wa nyota, na jina lake ni Andromeda.

Sisi nasi tumo ndani ya galaksi ya aina hiyo hiyo. Ule ukanda mweupe unaokata mbingu, Njia Nyeupe, ndiyo galaksi yetu tukiiona kwa ubavu. Upana wake ni miakanuru 100,000 hivi, nyota zake zapita bilioni 100, na Jua letu liko kwenye miakanuru kama 26,000 kutoka kitovuni. Hakuna aliyeipiga picha kutoka nje, kama vile aliye ndani ya nyumba asivyoweza kuliona paa lake. Lakini mjukuu alikuwa na picha ya galaksi nyingine kwenye simu ya mama yake, iitwayo M74, iliyopigwa mwaka 2022 na darubini ya James Webb iliyoko angani. Betri ilikuwa imebaki kidogo, tukaitazama upesi. Mama aliyewahi kushona kawa la kufunikia chakula atalijua umbo lake mara moja: unaanza na kitovu, kisha ukili unazunguka na kutanuka, duru juu ya duru. Tofauti ni kwamba galaksi huwa na mikono zaidi ya mmoja inayojipinda kutoka katikati. Na juu ya mikono hiyo, kama shanga, kulikuwa na vidoto vyekundu vingi.

"Hapo ndipo zinapozaliwa," akasema mtoto. Nikaona haya gizani.

Baridi ya Gusii haimhurumii mtu wa pwani. Tuliingia ndani tukawasha mshumaa, akanitilia chai ya rangi, kisha akaichanganya kwa kijiko na kuidondoshea maziwa huku ingali ikizunguka. Maziwa yakachora mikono miwili iliyojipinda, galaksi kamili ndani ya kikombe. "Sasa angalia," akasema. Mikono ikajikaza, ikajisokota, na mara ikapotea. Chai yote ikawa rangi moja.

Hilo ndilo tatizo lililowasumbua wanajimu. Galaksi yetu nayo huzunguka. Jua letu huimaliza duru moja kwa miaka milioni 230 hivi, na kwa kuwa limeishi miaka bilioni 4.6, limekwisha kuzunguka mara ishirini. Nyota za ndani huimaliza duru upesi kuliko za nje. Kama mikono ingekuwa kamba za nyota zile zile, ingekwisha kujisokota kama maziwa yale. Mbona basi galaksi nyingi bado zina mikono iliyo wazi?

Jibu nililipata kwa mwili wangu, ila sikulijua. Basi lililonileta lilikwama Keroka siku ya soko. Barabara ya Kisii kwenda Sotik hupita katikati ya mji, na siku kama ile malori ya ndizi, matatu, bodaboda na wanawake wenye vikapu hukutana mahali pamoja. Tulikaa pale muda mrefu. Sasa fikirini: gari letu lilitoka katika msongamano ule, na magari yaliyokuwa mbele yetu yalitoka kabla yetu, na mengine yakaingia nyuma. Aliyepita saa tisa na aliyepita saa kumi wote waliukuta msongamano pale pale, ingawa hakuna gari hata moja lililokuwa lile lile. Msongamano ni mahali. Magari hupita.

Mwaka 1964 wataalamu wawili waliokuwa Marekani, Lin na Shu, waliieleza mikono ya galaksi kwa namna hiyo. Mkono ni msongamano unaosogea taratibu kuizunguka galaksi, na nyota na gesi huingia, hupunguza mwendo, husongamana, kisha hutoka upande wa pili. Hawakubaliani wote kwamba kila galaksi iko hivyo. Mikono mingine huchochewa na galaksi jirani inayopita karibu, na mingine huonekana kuundwa na kuvunjika na kuundwa tena. Lakini kwa zile zenye mikono miwili mizuri, maelezo ya msongamano yangali na nguvu.

Na hapa narudi kwenye wingu la mvua ya mawe. Baina ya nyota si patupu. Kuna gesi, nyingi yake haidrojeni, na vumbi laini kuliko moshi wa kuni. Gesi hii ikifika kwenye mkono wa galaksi hubanwa, mawingu yake hugongana na kuwa mazito. Mtu angedhani nyota, kwa kuwa ni moto, huzaliwa mahali pa moto. Ni kinyume chake. Gesi ya moto hupanuka, haikubali kukusanyika. Huzaliwa mahali penye baridi kali mno, nyuzi 260 chini ya sifuri, ndani ya mawingu meusi ambayo nuru haipenyi. Huko gesi imetulia kiasi kwamba uvutano, ile nguvu inayoangusha embe chini, huishinda. Bonge hujikusanya, huanguka ndani yake lenyewe, na kadiri linavyojibana ndivyo linavyopata joto. Kuzunguka bonge hilo hutandaa sahani ya gesi na vumbi, na katika sahani kama hiyo dunia yetu iliumbwa. Joto la katikati likifika nyuzi milioni 10 hivi, haidrojeni huanza kuungana na kuwa heliamu, na nyota huwaka kwa nguvu zake yenyewe. Nyota ya kiasi cha Jua letu huchukua makumi ya mamilioni ya miaka kufika hapo na kutulia.

Katika galaksi yetu kazi hii haijakoma hata leo. Kila mwaka, gesi yenye uzito wa kati ya Jua moja na mawili hugeuka kuwa nyota mpya. Ni kidogo sana kwa mji wa nyota bilioni 100. Wingu lenyewe aghalabu hutoa sehemu chache tu katika mia za gesi yake, nyingine zote zikapeperushwa na nyota changa zenyewe zinapoanza kuwaka. Jikoni kwetu tungeita hasara.

Nyota hazizaliwi sawa. Zilizo ndogo huishi mabilioni ya miaka. Jua letu limepewa kama bilioni 10. Zilizo kubwa sana huwaka kwa rangi ya samawati, hula akiba yao kwa fujo, na hufa katika miaka milioni chache. Ndiyo sababu mikono ya galaksi hung'aa. Nyota hizi kubwa hazipati umri wa kutoka katika msongamano walimozaliwa. Huzaliwa humo na kufa humo. Na zikifa hulipuka, zikairudishia gesi yale yaliyopikwa ndani yake. Mama aliyewahi kwenda kliniki na tumbo akapewa vidonge vya kuongeza damu alipewa chuma, na chuma hicho, pamoja na kile kilichokuwa tayari mwilini mwake, kilipikwa ndani ya nyota na katika milipuko ya vifo vyao, kabla Jua halijakuwako.

Mshumaa ulipofika nusu mkwe wangu alitoka chumbani, akatukuta bado tunaongea. Nikaona ndio wakati wa kutia neno langu. Nikamwambia habari mbili. Ya kwanza ni ya Cecilia Payne, msichana wa Kiingereza aliyekwenda kusoma Marekani, ambaye mwaka 1925 katika tasnifu yake alipiga hesabu na kuona kwamba nyota karibu zote ni haidrojeni na heliamu. Mkubwa mmoja wa elimu hiyo, Henry Norris Russell, alimwambia haiwezekani, naye akalazimika kuandika kwamba huenda matokeo yake si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell mwenyewe akafikia matokeo yale yale. Nikasema, nami nimefanya kama yule mzee leo mchana, nikiosha sahani.

Ya pili ni ya kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini upande wa Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyoundwa kwa ajili ya kuchunguza mbingu kwa eksirei. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Kenya ikaitwa Uhuru. Setilaiti ile iligundua vyanzo vya eksirei kwa mamia, na miongoni mwa ilivyovichunguza ni mabaki ya hizo nyota kubwa nilizozitaja, zilizokufa na kujibana mno. Riccardo Giacconi aliyeongoza utafiti wake alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002. Na aliyesimamia mradi wa setilaiti hiyo alikuwa mhandisi mwanamke, Marjorie Townsend. Watoto wetu wa Malindi hupita ufuoni kila siku wakiyatazama majukwaa yale, na ni wachache walioambiwa.

Mkwe wangu hakujibu. Alivaa koti lake akatufuata uani.

Ilikuwa saa nne. Jabari alikuwa amepanda mashariki, na kwa kuwa tupo karibu na Ikweta alilala ubavu, zile nyota tatu za mkanda wake zimesimama moja juu ya nyingine. Kulia kwa mkanda kuna nyota hafifu zilizopangana, ndio upanga wake, na ya katikati yake si nyota. Ina ukungu. Ni wingu ambamo nyota zinazaliwa, lililo karibu nasi kuliko mengine makubwa ya aina yake, miakanuru 1,300 hivi. Nuru iliyotufikia usiku ule iliondoka huko Bani Umayya wakitawala Dameski. Ndani yake kuna nyota changa kwa maelfu, nyingi hazijafika hata miaka milioni mbili, na darubini zimeona sahani za vumbi kuzunguka baadhi yake.

Juu zaidi, upande wa kaskazini, kilikuwapo Kilimia, ambacho Waarabu hukiita Thurea. Nimekijua Kilimia tangu nikiwa mdogo, kwani marehemu mama akikitaja kwa habari za kulima. Sikujua kwamba ni ndugu waliozaliwa wingu moja, yapata miaka milioni 100 iliyopita, wala hawajapata kutawanyika. Kwa nyota huo ni utoto.

"Lile lenye ukungu ni lipi?" akauliza mkwe wangu. Binti yake akamshika mkono akaunyoosha, kama anavyofanywa mtoto anayefundishwa kuandika, mpaka kidole chake kikaelekea penyewe. Akatazama muda mrefu. Kutoka upande wa ziwa mawingu yalikuwa yameanza kurudi, yakaila Andromeda kwanza, kisha Kilimia. Tukaingia ndani.

Asubuhi alinisindikiza mwenyewe mpaka kituo cha basi, amenibebea mkungu wa ndizi. Tulipokuwa tukingoja aliniuliza, kama mtu anayetafuta tu la kusema, Malindi ni mwendo gani kutoka kwetu. Nikamwambia ni kilomita 120 hivi kutoka Mombasa, na kwamba nyumbani kwangu chumba cha wageni kipo.